Kura Yako Ni Mali ya Nani?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, tulipokuwa tumekaa katika darasa yetu hapa karibu na Marikiti, aliinuka kijana mmoja miongoni mwa wanafunzi wetu akauliza suali ambalo wenziwe waliliona ni kichekesho, na sisi lilitunyamazisha. Alisema: "Sheikh, ukifika wakati wa uchaguzi watu hawa hutujia na pesa. Sisi huzipokea tukazila, kisha ndani ya chumba cha kura, mahali asipotuona mtu, tukampa kura yule tumtakaye. Yeye amepata hasara, nasi hatukumchagua. Je, hapo pana dhambi gani?"

Tulimwambia, "Ngoja, mwanangu, tutakujibu kwa maandishi." Baadhi ya waliohudhuria walidhani ya kuwa tunataka kwenda kutazama vitabu. Vitabu tumevitazama, lakini ilikuwako sababu nyingine iliyotufunga ulimi usiku ule, nayo tutaitaja mbele, kwa kuwa mwenye kuwaamrisha watu mema haimpasi kujificha nyuma ya maneno yake.

Kwanza yatupasa kukijua kitu chenyewe kinachouzwa. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iligawanya utawala wa Kenya baina ya serikali ya taifa na kaunti 47. Kabla ya hapo mji wetu ulikuwa na baraza lake na madiwani wake. Tangu uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, mahali pa baraza lile pamekaliwa na Bunge la Kaunti, lenye wajumbe 30 wanaochaguliwa na wadi 30 za Mombasa, pamoja na wengine waingiao kwa viti maalumu. Kila mwaka wa tano, Jumanne ya pili ya Agosti, mpiga kura hupewa karatasi sita: ya Rais, ya Gavana, ya Seneta, ya mwakilishi wa wanawake, ya Mbunge, na ya mwakilishi wa wadi. Watu hugombana juu ya ile ya kwanza hata ndugu wakahasimiana. Na hii ya sita huitumbukiza sandukuni kama mtu atupaye senti iliyobaki mfukoni. Hiyo ya sita ndiyo tutakayoizungumza, kwani ndiyo tunayoidharau zaidi, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na mlango wa nyumba zetu.

Bunge hili ndilo lipitishalo bajeti ya kaunti. Ndilo liwekalo, katika sheria ya fedha, ushuru atakaotozwa mwenye meza ya viungo Marikiti, na ada ya leseni atakayolipa mwenye duka la nguo. Ndilo liwakubalio au liwakataalo mawaziri wa kaunti waliopendekezwa na Gavana. Nalo laweza, wakikubaliana thuluthi mbili ya wajumbe wake, kumshitaki Gavana mwenyewe mbele ya Seneti ili aondolewe. Mikononi mwa kaunti mna masoko, na machinjio, na uzoaji wa taka, na zahanati, na hospitali yetu kubwa ya Makadara, na shule za chekechea, na hata makaburi. Na Katiba imeamuru kaunti zote kwa jumla zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Basi kazi ya mtu huyu tunayemtuma yamwandama mwanadamu tangu chekechea mpaka kaburini. Hilo si jambo la kutupwa.

Wala tusisahau ya kuwa wazee wetu hawakuwa na kitu hiki. Hili soko letu la Marikiti kwa jina la kiserikali liliitwa Mackinnon, kwa kumkumbuka yule mkubwa wa kampuni ya Kiingereza iliyopewa idhini ya kutawala pwani hii mwaka 1888. Wauzaji wa bizari na iliki hawakuulizwa juu ya jina hilo, wala hawakuulizwa juu ya ushuru. Mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria, kura zilitolewa kwa kipimo cha elimu, na mali, na mapato. Mtu mmoja aliweza kupata zaidi ya kura moja, na wengi hawakupata hata moja. Leo kila mtu mzima aliyejiandikisha ana kura yake, tajiri kwa maskini, mume kwa mke. Na kitu hiki kilichopatikana baada ya miaka yote hiyo, sasa sisi twauliza: bei yake ngapi?

Tuje katika asili ya jambo. Kura ni nini katika sharia yetu? Neno lenyewe hatulioni kwa sura hii katika vitabu vya wanazuoni wa kale, lakini maana yake imo, tena imo kwa njia tatu.

Ya kwanza, kura ni ushahidi. Mwenye kutia alama mbele ya jina la mtu anasema mbele ya Mola wake: "Nashuhudia ya kuwa huyu anaifaa kazi hii kuliko wenziwe." Akiwa anajua ya kuwa hamfai, basi huo ni ushahidi wa uwongo, na Mtume (s.a.w.) aliuhesabu ushahidi wa uwongo pamoja na madhambi yaliyo makubwa kabisa. Na akikaa nyumbani naye anajua, basi ameuficha ushahidi, na Qur'ani katika Suratul Baqara imetufundisha ya kuwa mwenye kuuficha ushahidi moyo wake una dhambi.

Ya pili, kura ni uwakala. Mjumbe yule akipandisha ushuru, amepandisha kwa ulimi wako. Akinyamaza mali ikiliwa, amenyamaza kwa niaba yako. Na mwenye kumweka wakala mbaya katika mali yake mwenyewe ni mpumbavu tu, lakini mwenye kumweka katika mali ya watu ni dhalimu.

Ya tatu, nayo ndiyo shina la jibu letu, kura ni amana. Yule kijana alizungumza kama kwamba kura ni samaki aliyemvua mwenyewe, akitaka humla, akitaka humuuza. Lakini fikirini: atakayechaguliwa kwa kura yangu hatanitawala mimi peke yangu. Atapitisha bajeti ya mgonjwa aliyelala Makadara, na ya mtoto wa chekechea, na ya mjane auzaye mahamri asubuhi, na ya jirani yangu asiyekuwa Mwislamu, ambao wote hawakuniruhusu kuuza chochote chao. Basi kura imo mkononi mwangu, lakini manufaa yake na madhara yake ni ya mji mzima. Na kitu kilichomo mkononi mwako, na haki yake ni ya watu, hakiitwi mali, huitwa amana. Nasi tumeamrishwa katika Suratun Nisaa kuzifikisha amana kwa wanaostahiki. Amana haiuzwi, wala hairehaniwi, wala haitolewi zawadi.

Sasa tuzitazame hoja za watu moja moja.

Husema wengine: "Hizi ni pesa zetu wenyewe walizotuibia, basi tukizila twala chetu." Tunawajibu: ikiwa ni za wizi, hazikuibiwa kwako peke yako, na mwizi hawezi kukupa wewe fungu la watu wote likawa halali kwako. Tena ukiwa unajua kuwa ni mwizi, huna hoja ya kula naye. Una ushahidi wa kutoa dhidi yake. Na ikiwa mtu huyu hajapata kushika kazi, basi bado hajaiba. Anakukopesha, na deni lake atakuja kulilipiza katika bajeti. Tufanye hesabu ya sokoni. Tuseme mtu amepokea shilingi 500 kwa kura yake. Miaka mitano ina siku 1,826. Gawanyeni: haifiki senti 28 kwa siku. Kwa bei hiyo mtu amemkodisha mwenziwe mtaro wa mlangoni pake, na dawa ya mama yake, na meza yake ya biashara. Wahenga walisema, mla cha mwenziwe na chake huliwa.

Husema wengine, na ndilo suali la kijana wetu: "Nitakula, kisha nitampa kura mwingine." Hapa ndipo penye werevu, na ndipo penye mtego. Mwenye kupokea fedha hizi ameingia katika mapatano. Akiyatimiza, ametoa ushahidi wa uwongo. Asipoyatimiza, amesema uwongo na ameahidi akavunja, na hizo ni alama za mnafiki tulizoonywa. Mapatano ambayo kuyatimiza ni dhambi, na kuyavunja hakumtoi mtu katika lawama, hayo yameharibika tangu mwanzo. Njia ya kusalimika ni kutoyaingia. Hadithi sahihi imewataja watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatasema nao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyempa kiongozi ahadi ya utiifu kwa ajili ya dunia tu, akipewa hutimiza, asipopewa hatimizi. Tazameni jinsi sifa hii inavyotufaa! Na Mtume (s.a.w.) hakumlaani mtoa rushwa peke yake, alimlaani na mpokeaji. Hata sheria ya nchi, ile ya makosa ya uchaguzi ya mwaka 2016, imewatia makosani wote wawili.

Je, na aliyekwisha kupokea? Huyo asizidishe dhambi juu ya dhambi kwa kudhani ya kuwa ahadi ile yamlazimu. Haimlazimu. Na ampe kura yule amwonaye kuwa anafaa, na atubie, na arudishe zile fedha. Na akiwa hawezi kuzirudisha ila kwa kuingia katika madhara, na azitoe kwa mafakiri, bila ya kutaraji thawabu ya sadaka, ila kwa nia ya kujivua nazo.

Husema wengine: "Njaa haina sheikh." Hapa, ndugu zetu, hatutaki kusema kwa ukali. Dharura inamhalalishia mwenye kuogopa kufa kula nyamafu, kwa kadiri ya kumwokoa. Basi tukimkuta mama ambaye watoto wake wamelala na njaa, naye akapokea unga wa mgombea, ulimi wetu hauna haki ya kumwanzia yeye. Tuwaanzie wenye maduka na majumba katika mtaa wake, ambao zaka wanaigawanya kwa kutupia sarafu mlangoni katika mwezi wa Ramadhani, kisha hawamjui tena mpaka mwaka wa pili. Mtaa ulioacha jirani yake awe na njaa miaka mitano ndio ulioiuza kura yake. Yeye alikuja kupokea bei tu.

Husema wengine: "Huyu ni wetu." Ni wa taifa letu, au wa ukoo wetu, au wa chama chetu. Mji huu tangu zamani ulikuwa na Thelatha Taifa na Tisa Taifa, kila taifa na wazee wake, na hapana ubaya mtu kuijua asili yake. Ubaya ni kuifanya asili kuwa mizani. Ile Suratun Nisaa imetutaka tuwe mashahidi wa haki, ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu, awe tajiri au awe fakiri. Na binti wa yule mzee wa Madyan alipomsifu Nabii Musa kwa baba yake ili amwajiri, alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Hakuuliza ni wa mlango gani. Sisi hatusemi ya kuwa dini ya mtu ni kitu kidogo. Twasema ya kuwa mwenye kuitaja dini yake jukwaani na kuila mali ya watu ofisini, huyo ameiharibia dini kuliko aliyenyamaza. Na mgombea mwaminifu na hodari, awe wa bara au wa pwani, awe wa msikiti au wa kanisa, kumnyima haki yake kwa ajili ya mzembe aliye wetu ni dhulma, na dhulma haina dini.

Na wako wanaosema: "Siasa ni uchafu, sisi hatutii mkono." Katika uchaguzi wa Agosti 2022 hapa Mombasa hata nusu ya waliojiandikisha hawakufika vituoni. Tunafahamu ya kuwa wako miongoni mwa ndugu zetu wanaoona hata kupiga kura hakufai, nasi hatuwatukani. Lakini twawauliza: mtaro umejaa, na mtu wa kuuzibua atachaguliwa ukitaka usitake, je, kukaa kwako kumeupunguza uchafu, au kumewaachia wale waliouzoea? Katika kanuni za fikihi, madhara makubwa huepukwa kwa kuvumilia yaliyo madogo.

Sasa tumefika katika ile sababu iliyotunyamazisha.

Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu kukusanya zaka, naye aliporudi aliyagawanya aliyokuja nayo mafungu mawili, akasema: hili ni lenu, na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume alighadhibika, akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa katika nyumba ya baba yake au mama yake, aone kama ataletewa zawadi. Hadithi hii tumeisomesha miaka mingi, na kila mara tulidhani ya kuwa inawasema watoza ushuru.

Kisha, katika moja ya chaguzi zilizopita, mgombea mmoja alitujia akatuletea mazulia mapya ya madrasa. Yale ya zamani yalikuwa yamechanika, na watoto wakikaa juu ya saruji. Tulishukuru. Na alipoomba aseme maneno mawili baada ya sala, tulimpa nafasi, kisha tukamwombea dua mbele ya watu. Hatukusema "mchagueni." Lakini nani aliyekuwapo asiyefahamu? Mtu yule katika miaka yote aliyokaa na sisi kabla ya hapo hakupata kuuliza watoto wanakaa juu ya nini. Lau tungalikaa katika nyumba za baba zetu, bila ya kilemba na bila ya jamaa wa kutusikiliza, je, angalituletea mazulia?

Baada ya uchaguzi tulipita sokoni, na mama mmoja mtu mzima auzaye ndimu na pilipili, ambaye twamheshimu kama mzazi, alitwita akasema: "Mwanangu sheikh, juzi ulitusomea juu ya wanawake wanaouza kura kwa leso. Mimi leso niliipokea, sikatai. Lakini wewe nawe si ulipokea mazulia? Tafauti yetu ni nini, mwanangu, ila yako ilikuwa kubwa?"

Wallahi hatukuwa na jawabu. Tulitaka kusema ya kuwa yetu yalikuwa ya watoto, si ya nafsi zetu. Tukakumbuka ya kuwa hata yeye leso ile alimpa binti yake. Tulitaka kusema ya kuwa sisi hatukuahidi chochote. Tukakumbuka ile dua. Kisha tukafahamu ya kuwa dhambi yetu ilikuwa kubwa kuliko yake, kwa kuwa yeye aliuza kura moja, na sisi tuliuza masikio ya msikiti mzima. Hiyo ndiyo sababu, ewe kijana wetu, iliyotunyamazisha ulipouliza. Mtoto huuliza anachokiona kwa wakubwa wake.

Basi tumekubaliana katika darasa yetu mambo haya, nasi twawaomba wenzetu wa misikiti na madrasa nyingine wayapime, na wakiyaona ni mema wayashike. Kwanza, mgombea awaye yote hatapokewa zawadi yake katika madrasa yetu tangu atangaze nia yake mpaka uchaguzi upite. Akitaka kheri, milango ya kheri iko wazi miaka mingine minne. Pili, hatapewa nafasi ya kusema baada ya sala, wala hataombewa dua kwa jina. Tatu, kila aliye na uwezo katika sisi amchukulie dhamana jirani mmoja mhitaji kwa mwaka mzima, ili unga wa kampeni usimkute na njaa. Nne, tuwaulize wagombea wa wadi maswali ya kazi: ushuru wa soko unakwenda wapi, takataka za Marikiti nani aliyepewa kuzizoa na kwa kiasi gani, dawa za Makadara zinaishia wapi. Na tano, kazi isiishe siku ya kura. Katiba imelilazimisha Bunge la Kaunti kufanya shughuli zake mbele ya watu na kuwashirikisha wananchi; basi bajeti ikiletwa tuwemo, tusikae barazani tukalaumu tu.

Ewe mwanafunzi wetu, jibu lako ni hili. Ulisema ya kuwa ndani ya chumba cha kura hapana akuonaye. Hilo ndilo kosa lililozaa mengine yote. Chumba kile kimefichwa na macho ya watu ili usimwogope mtu, wala hakikufichwa na Mola wako. Na pesa ile, ukiila au ukiitema, haikuwa bei ya kitu chako. Ilikuwa bei ya haki ya jirani zako, nao hawakukutuma kuiuza. Wala usitutazame sisi tulivyofanya, tazama tulivyotubia.

Yale mazulia tumeyatolea fedha kwa kadiri ya thamani yake tukawapa mafakiri wa mtaani, kwani mwenyewe alikataa kuyachukua, akacheka. Yule mama wa ndimu tulipompa habari hakucheka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Na mimi basi nitaitoa ile leso."

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuziona amana zetu kabla hatujaulizwa juu yake, na awape mji huu watu wenye nguvu na uaminifu. Amin.